Kiingereza cha Mafundi Wetu wa Magari

Juu ya kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki, katika magari mengi yapitayo katika barabara zetu za Unguja na Pemba, pameandikwa maneno ya Kiingereza yasiyozidi ishirini. Maneno hayo yanamwamuru fundi mambo matatu: asafishe kifuniko kabla ya kukifungua, atumie mafuta ya aina iliyotajwa, yaani DOT 3 au DOT 4, na si mengine, na mafuta hayo ayatoe katika kopo ambalo bado limezibwa barabara. Kila amri ina sababu yake. Chembe ya mchanga ikiingia ndani hukwaruza silinda ya breki. Oili ya injini ikitiwa mahali pale huvimbisha na kuharibu mipira inayozuia mafuta yasivuje. Na mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya hairuhusiwi kuchemka kabla ya kufika nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini ikishachanganyika na maji kidogo tu, kipimo kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140.

Sasa na tutazame hali yetu. Hewa ya visiwani imejaa unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika hata chumvi ya jikoni hulowa ndani ya mkebe. Fundi anafungua kopo la mafuta ya breki, anatumia robo, analiacha juu ya rafu bila ya kifuniko, na mwezi wa pili analirudia. Gari lile linateremka kilima cha Pemba likiwa na abiria tele, breki zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unajaa ndani ya bomba, na dereva akikanyaga, kanyagio linazama hadi sakafuni pasipo na kitu. Fundi huyo hakuwa mvivu wala mwizi. Yawezekana kabisa kuwa alikiona kile kifuniko mara mia moja, akayaona maneno, wala hayakumwambia neno.

Tumeanza na kifuniko hiki kwa makusudi, kwa kuwa mjadala wa lugha katika elimu umezoea kukaa juu sana, katika kumbi na katika sera, na mara chache huteremka mpaka kwenye karakana. Vijana wetu wanaojifunza ufundi wa magari katika vituo vya mafunzo ya amali vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji, na wenzao wanaosomea uhandisi katika Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni, wanakutana na Kiingereza kila siku ya kazi. Swali tunaloliuliza leo ni dogo kuliko lile la wakubwa, nalo ni hili: Kiingereza gani hasa anachohitaji kijana huyu, na kifundishwe namna gani ili kimfae mikononi?

Mjadala wenyewe una umri. Tulikaa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka 1890 hadi 1963, na katika muda huo wote Kiingereza kilikuwa ndicho ngazi ya kupandia cheo, na wakwezi na wakulima waliachwa chini ya ngazi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Kiswahili kilipewa heshima yake. Huko Bara, Tume ya Makweta ilipotoa ripoti yake mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia katika sekondari pia. Mwaka uliofuata Serikali ikaamua mambo yabaki yalivyokuwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walichunguza skuli za nchi hii wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuwawezesha kufuata masomo yao. Hapa kwetu, Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa kukidharau Kiswahili, alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia.

Kwa hiyo pana kambi mbili. Wa kwanza husema kila kitu kifundishwe kwa Kiswahili, kwa kuwa Wajapani wanaotutengenezea magari haya hawakusoma kwa lugha ya mtu. Wa pili husema kila kitu kifundishwe kwa Kiingereza, kwa kuwa vitabu ni vya Kiingereza. Kambi zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili, kwa maoni yetu, zimemsahau kijana mwenye spana mkononi. Wajapani hawakusoma kwa lugha ya kigeni kwa sababu tangu karne ya kumi na tisa walitafsiri vitabu vya ufundi kwa bidii isiyochoka. Sisi bado hatujatafsiri. Na wale wanaotaka kila somo liwe kwa Kiingereza wanadhani kumwagia mtu maji ni kumfundisha kuogelea.

Tuitazame hali ya darasani. Kijana anafika kituoni baada ya kumaliza skuli, na mara nyingi amefika huko kwa sababu mitihani ya Kiingereza ndiyo iliyomwangusha. Anakuta somo la Kiingereza katika ratiba. Anafundishwa kumwandikia barua rafiki yake, kueleza alivyoitumia likizo, na kubadilisha sentensi za watu wasiojulikana waliosema jambo jana. Hatusemi kwamba kuandika barua si elimu. Tunasema kwamba saa zile chache zinapita, naye anarudi karakanani kuukabili mwongozo wa matengenezo ambao haumo ndani yake rafiki wala likizo. Mwalimu wa Kiingereza hajui gasketi inakaa wapi. Mwalimu wa ufundi anaijua gasketi hata gizani, lakini akiulizwa kwa nini sentensi imegeuzwa vile, anacheka. Walimu hao wawili hunywa chai katika chumba kimoja na hawajapata kukaa na kitabu kimoja.

Jambo la kwanza linalopaswa kusemwa ni la kutia moyo. Kijana huyu ana msamiati mwingi wa Kiingereza kuliko anavyojijua. Anaposema plagi, gasketi, beringi, radieta, pistoni, ringi, valvu, klachi, feni belti, stata, bampa na sailensa, anasema Kiingereza kilichokwisha kuvalishwa kanzu. Mababa zake waliyasikia maneno hayo kwa masikio, wakayapa irabu za mwisho, wakayafanya yetu. Kilichobaki ni kumwonyesha maandishi yake tu. Mwalimu akiandika ubaoni neno la fundi upande mmoja na neno la kitabu upande wa pili, katika wiki mbili darasa litakuwa na maneno mia na zaidi, tena bila ya jasho. Inafaa hapo hapo aambiwe kwamba Kiingereza chenyewe kina nyumba mbili: kitu tunachokiita boneti kwa kuwafuata Waingereza, Mmarekani hukiita "hood", buti yetu kwake ni "trunk", spana ni "wrench", petroli ni "gasoline", na waya wa ethi huuita "ground". Kijana aliyepata kitabu cha Marekani akadhani ni gari la aina nyingine si mjinga, hakuambiwa.

Na tusijisifu kupita kiasi. Lugha yetu nayo ina mitego yake karakanani. Sisi petroli tunaiita mafuta, dizeli mafuta, oili mafuta, cha breki mafuta, na cha kupikia maandazi pia ni mafuta. Kiingereza hutenga: "fuel" ni cha kuunguzwa, "oil" ni cha kulainisha, "grease" ni kile kizito, na "fluid" ni kile kinachosukuma breki. Anayejifunza tofauti hizo nne hajajifunza Kiingereza peke yake, amejifunza ufundi. Ingefaa nasi tuseme kwa kutenga vivyo hivyo.

Yako maneno ambayo kijana anayajua kwa maana ya nyumbani, nayo humpoteza akifika kazini. "Idle" ameambiwa ni mvivu. Katika injini ni ule mzunguko wa polepole wakati hakuna aliyekanyaga. "Bleed" ni kutoka damu. Katika breki ni kutoa hewa. "Play" ni kucheza. Katika usukani ni ulegevu, na hapo Kiswahili kinamsaidia, maana sisi wenyewe husema tairi inacheza. Lakini neno la hatari kuliko yote ni "inflammable". Mwanafunzi mwema aliyefundishwa kwamba "in" mwanzoni mwa neno hukanusha, ataona neno hilo juu ya pipa akaamini kwamba kilichomo hakishiki moto. Maana yake ni kinyume kabisa: kinashika moto upesi. Waingereza wenyewe waliliona balaa hilo, na siku hizi mapipa mengi huandikwa "flammable". Mengine ya zamani yangali yapo.

Basi majina ya vitu si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni vijineno vidogo, vile ambavyo kamusi ya mfukoni huvipa mstari mmoja.

Miaka michache iliyopita mwandishi wa safu hii alikuwapo katika karakana moja, ambayo hapana haja ya kuitaja, wakati injini ilipokuwa ikifungwa baada ya kubadilishwa gasketi ya silinda hedi. Kijana aliyeifunga alikuwa na mkono mzuri na moyo wa kazi. Mwongozo ulikuwa wazi mbele yake, naye aliutazama kweli. Ulisema bolti zikazwe kwanza "to" kiasi fulani cha nguvu, kisha kila moja izungushwe "by" nyuzi 90, na baadaye nyuzi 90 tena. Kijana aliiona 90. Akaiweka spana ya kipimo kwenye 90, akavuta mpaka ikalia, akarudia mara ya pili, ikalia tena, akaridhika. Alichoambiwa na kitabu ni kuzungusha robo ya duara, mara mbili, ili bolti inyooke kidogo na kubana. Alichofanya ni kupima nguvu. Haukupita muda maji na oili vilichanganyika, na gari likarudi likivutwa kwa kamba. Kijana aliitwa mzembe mbele ya wenzake. Sisi tuliokuwapo tulijua kwamba hakuwa mzembe, na kwa bahati mbaya hatukusema.

Kijineno "by" kilimtupa. Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza kina hilo moja. Tukisema valvu hufunguliwa na kemshafti, Mwingereza hutumia "by". Tukisema zungusha kwa robo duara, hutumia "by" pia. Na kinyume chake ni "to", ambalo ni hadi. Punguza kwa milimita mbili na punguza hadi milimita mbili ni kazi mbili tofauti, na chuma kikishapunguzwa hakirudi. Mwalimu anayetumia saa nzima kwa vijineno viwili hivi, akiwa na kipande cha chuma na kipimo mezani, ametoa somo la Kiingereza ambalo mwanafunzi hatalisahau.

Baada ya hapo huja kadhia ya majina yaliyofungwa msafara. Mwongozo husema "fuel injection pump drive gear nut". Mwanafunzi anaanza na neno la kwanza, anadhani anatafuta mafuta. Anafika la tatu, anadhani anatafuta pampu. Kitu anachotakiwa kukishika ni nati, nalo ni neno la mwisho kabisa. Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe: nati ya gia ya kuendeshea pampu ya kupulizia mafuta. Waliosoma chuoni wanaijua habari hii kwa jina jingine, kwa kuwa Kiarabu nacho hutanguliza mudhafu kabla ya mudhafu ilaihi, sawasawa na sisi. Kiingereza kimekwenda njia ya pili. Kanuni ya kumpa mwanafunzi ni fupi: anza mwisho, rudi nyuma. Hatujui kwa nini kanuni hiyo haimo katika kila daftari la kila mwanafunzi wa ufundi.

Halafu kuna masharti. "Do not open the radiator cap unless the engine is cool." Asiyelijua "unless" anabakiwa na nusu mbili: usifungue kifuniko cha radieta, injini ni baridi. Akiziunganisha kwa akili yake anapata kwamba injini ikiwa baridi asifungue. Na ikiwa moto, je? Maji ya radieta yaliyo chini ya shinikizo huruka usoni. Neno hilo moja maana yake ni isipokuwa. Pamoja nalo waende "until", "before", "only", "never", na vile vitenzi vya kuamuru na kuruhusu: "must" ni sharti, "should" ni inapasa, "may" ni yawezekana au imeruhusiwa. Katika siasa tunajua sana tofauti ya lazima na inafaa. Katika breki tofauti hiyo ina uzito zaidi.

Upo pia upande ambao lugha zetu zinakubaliana kwa namna ya kupendeza, na walimu wautumie. Mwongozo unapomwambia fundi akague kama kitu ni "worn", "bent", "cracked" au "stuck", unaeleza hali ya kitu bila ya kumtafuta aliyekifanya. Kiswahili kina mnyambuliko wake hasa kwa kazi hiyo: kimelika, kimepindika, kimepasuka. Mtoto wa Makunduchi anaujua mnyambuliko huo tangu kunyonya. Akionyeshwa kwamba Kiingereza nacho kina mlango wa kuingilia mahali pale pale, hofu hupungua.

Hapa tuombe ruhusa ya kusema neno juu ya chuo, maana wengi wetu tulioandika kwanza juu ya ubao wa wino wa masizi tunaijua elimu ya lugha ya kigeni kabla hatujamwona mwalimu wa Kiingereza. Tulisoma juzuu kwa sauti, kwa herufi zilizonyooka, bila ya kuelewa neno. Hilo lilikuwa na thawabu yake, na hatulisemi kwa ubaya. Lakini waliokusudiwa kuelewa hawakuachwa pale. Walipelekwa kwenye nahau, wakasomeshwa Ajurumia, na mwalimu aliifasiri kanuni moja moja kwa Kiswahili, mfano kwa mfano, mpaka mwanafunzi akaweza kufungua kitabu peke yake. Marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy alipoitoa tafsiri yake ya Kurani Takatifu kwa Kiswahili mwaka 1969, hakuna aliyesema Kiarabu kimefukuzwa. Kiarabu kilibaki katika ukurasa, na maana ikakaa kando yake katika lugha ya msomaji. Hivyo ndivyo tunavyoona karakana inavyopaswa kuwa: maneno ya kitabu yabaki yalivyo, na ufafanuzi utolewe kwa lugha ambayo akili ya kijana inafanyia kazi. Tunachokifanya sasa katika vyumba vingi ni kusomesha juzuu na kuiacha nahau.

Wala si sisi wa kwanza kupambana na jambo hili. Kampuni ya Caterpillar ya Marekani, ambayo matingatinga yake yako kila bara, iliona katika miaka ya 1970 kwamba mafundi wa nchi nyingi hawawezi kusoma vitabu vyake. Ikatunga Kiingereza kidogo cha maneno yapata 850, chenye sentensi fupi, ili fundi afundishwe hicho tu. Baadaye ikakiacha, kwa kuwa mitambo ilizidi kuwa migumu na maneno hayakutosha. Lakini fikra ilibaki. Watengenezaji wa ndege wa Ulaya walitoa mwaka 1986 kanuni za Kiingereza chepesi cha matengenezo, ambazo zinaendelea kutumika hadi leo: neno moja kwa maana moja, na sentensi ya maelekezo isizidi maneno ishirini. Mabaharia nao, jambo ambalo kisiwa chochote kinapaswa kulijua, wana misemo yao ya Kiingereza iliyosanifiwa na kupitishwa mwaka 2001 na Shirika la Kimataifa la Bahari, ili nahodha wa taifa lolote na mnara wa bandari yoyote wasielewane vibaya usiku wa mawimbi. Ikiwa bahari na anga vimekubali kwamba kazi ina Kiingereza chake, barabara ina udhuru gani?

Tunawasikia mafundi wazee, na tunawaheshimu, wakisema kwamba wao walijifunza kwa sikio na kwa mkono, na magari yalitembea. Ni kweli. Mzee aliyefungua injini ya gari la abiria la mbao kwa miaka thelathini alisikia ugonjwa kabla gari halijasimama. Lakini gari lenyewe limebadilika. Magari mengi yanayoteremshwa bandarini leo ni yaliyokwisha kutumika Japani. Ndani yake mna kompyuta, na kompyuta hiyo haitoi mlio wa kusikika bali hutoa herufi na tarakimu. P0300 maana yake ni kwamba silinda zinakosa kuwaka bila ya mpangilio maalumu. Maelezo yake yamo katika Kiingereza. Na yamekuja magari yenye injini mbili, ya petroli na ya umeme, ambayo betri kubwa ya baadhi yake ina zaidi ya volti 200. Nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa ili ziogopwe, na mwongozo unamtaka fundi azime umeme huo, kisha angoje dakika kadhaa kabla ya kugusa. Sikio halifundishi kungoja. Umeme hauna mlio, na asiyesoma anaweza asipate nafasi ya kukosea mara ya pili.

Hata jambo dogo kama kopo la oili linataka msomaji. 10W-30 huonekana katika kila duka, na tumewasikia watu wazima wakibishana juu ya ile W. Ni herufi ya kwanza ya "winter", majira ya baridi ya nchi za theluji. Tarakimu iliyo mbele yake inaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi sana, na ya pili inaeleza ikiwa ya moto. Sisi ambao mwezi wa Julai tukivaa sweta huonekana tunajidai, tunahitaji zaidi kuitazama ile tarakimu ya pili. Hilo nalo ni Kiingereza, na ni fedha ya mwenye gari.

Sasa tuseme na wenye dhamana. Ufundi ufundishwe kwa Kiswahili, bila ya haya na bila ya kunong'ona, kwa kuwa ndivyo walimu wanavyofanya tayari mlango ukifungwa. Kiingereza kifundishwe kama chombo cha kusomea, na kitabu chake cha kiada kiwe mwongozo wa gari lenyewe, kifuniko cha radieta, kopo la oili na kibandiko kilichobandikwa mlangoni mwa dereva kinachoeleza upepo wa tairi. Mwalimu wa Kiingereza aingie karakanani akavae ovaroli, walau asubuhi moja kwa wiki, na mwalimu wa ufundi akae naye kutayarisha somo. Hilo halihitaji mkopo wa nje wala mshauri wa kuletwa kwa ndege.

Mitihani itazamwe upya. Kijana anayeulizwa kwa Kiingereza kazi ya klachi, akaijua kazi hiyo na asijue namna ya kuijibu, anapewa sifuri ya ufundi kwa kosa la lugha. Ipimwe mizani miwili: ajibu ufundi kwa Kiswahili, na katika karatasi ya pili apewe ukurasa wa mwongozo wa Kiingereza aseme kwa Kiswahili unamwamuru nini. Karatasi hiyo ya pili iwe ngumu, na asiyeiweza asipewe cheti. Katika hili hatutaki huruma. Wako watakaosema kwamba tunawafungia vijana milango ya hoteli na ya nchi za Ghuba, ambako Kiingereza cha kuzungumza kinahitajika. Jibu letu ni kwamba anayeweza kusoma mwongozo ataweza kufundishwa kuzungumza. Lakini tumewaona wengi wanaozungumza na watalii ufukweni asubuhi hadi jioni ambao hawawezi kusoma kibandiko.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo lina sehemu yake. Mwaka 1987 Profesa Rajmund Ohly alichapisha huko Dar es Salaam kamusi ya awali ya ufundi, ya Kiingereza na Kiswahili. Kazi ya namna hiyo inahitaji kurudiwa kwa gari la leo, na safari hii ianzie gereji, kwa kuwauliza mafundi wa Ng'ambo, Chake na Wete wanakiitaje kila kitu, kabla ya mtu yeyote kukaa mezani kutunga. Usukani ulitoka katika jahazi ukaingia katika gari, na hakuna kamati iliyoketi. Istilahi ambayo fundi haitamki itabaki kabatini.

Na kwa maofisa wanaotia saini hati za matengenezo ya magari ya Serikali tuna ombi moja dogo. Kila karakana inayopewa kazi hizo itakiwe kubandika ukutani, kwa Kiswahili cha herufi kubwa, yale maneno ya kifuniko cha breki, ya kifuniko cha radieta na ya nyaya za rangi ya chungwa, na Kiingereza chake kiandikwe chini yake neno kwa neno. Ukaguzi wa mwanzo unaweza kufanywa kesho asubuhi: mkaguzi aingie, atazame juu ya rafu, aulize kopo la mafuta ya breki lilifunguliwa siku gani.